Vumbi la Mars Linazima Roboti, na Bado Hakuna Mashine Imewahi Kulihesabu

Kama ulikuwa mtandaoni Februari 2019, lazima ulikutana na stori ya ile roboti ya Mars iliyoliza watu. Ilisemekana kwamba kabla izime, iliaga kwa kulalamika kuwa betri inaisha na giza linaingia. Wasee wakatokwa na machozi kazini, wengine ndani ya matatu.

Sasa skia ukweli. Roboti haikusema hivyo. Kile Opportunity ilituma tarehe 10 Juni 2018 kilikuwa namba. NASA ilipotangaza miezi minane baadaye kwamba imekufa, mwandishi mmoja wa habari kule Marekani ndiye alizigeuza namba hizo zikawa lugha ya binadamu, na mtandao ukamaliza kazi.

Namba ya kwanza ilikuwa 22. Hizo ni wati-saa ambazo paneli zake za sola zilikuwa zinatoa kwa siku nzima. Ni stima ya kuwasha balbu ya wati 10 kwa masaa mawili hivi, basi. Namba ya pili ilikuwa 10.8.

Hiyo ya pili ndiyo imetuleta hapa. Ilikuwa kipimo cha vumbi hewani. Roboti iliyopangiwa kazi ya siku 90 ikapiga miaka 14, na ujumbe wake wa mwisho ulikuwa ripoti kuhusu kitu kilichokuwa kinaimaliza.

Na haiko peke yake. InSight ilitua Novemba 2018 ikiwa na paneli za kutoa wati-saa karibu 5,000 kwa siku. Kufika Mei 2022 zilikuwa zinatoa kama 500, kwa sababu vumbi lilikuwa limelala juu yake. Kwa hesabu ya nyumbani, ni kutoka kupiga pasi ya wati 1,000 kwa masaa matano hadi nusu saa. Desemba 2022, kwisha. Zhurong ya China nayo ililala Mei 2022 ikingoja msimu wa baridi upite, na haikuamka tena. Wakubwa wa mradi walisema mwaka uliofuata kwamba pengine ni vumbi pia.

Kwa hivyo unajiuliza: kama adui anajulikana, kwani ni ngumu aje kumpima? Hapo ndipo stori inakuwa tamu.

Kwanza, hiyo 10.8 ni nini?

Fikiria pazia jembamba linalopitisha asilimia 37 hivi ya mwanga wa jua. Hilo ni pazia moja, andika 1. Weka la pili juu yake, unabaki na asilimia 14. La tatu, asilimia 5. Kila pazia unaloongeza linapunguza kile kilichobaki.

Siku safi pale Mars, vumbi hewani ni kama nusu pazia. Siku ile ya Juni 2018, Opportunity ilikuwa chini ya karibu mapazia 11. Piga hesabu utapata kwamba katika kila miale 100,000 iliyotoka juani moja kwa moja, iliyofika kwa roboti ni kama 2 tu. Mwanga kidogo ulipenya ukiwa umetawanyika angani, lakini si wa kuchaji betri. Dhoruba ile ilifunika sayari nzima.

Na ilipimwaje? Kwa kamera. Roboti inaelekeza kamera kwenye jua kupitia kioo cheusi, kama miwani ya fundi wa kuchomelea vyuma. Wanasayansi wanajua jua lingeng'aa kiasi gani kama hakungekuwa na vumbi. Wanalinganisha na kile kamera imeona. Tofauti ndiyo vumbi.

Ni njia poa, haina gharama kubwa, na imetumika miaka na miaka. Lakini ina shida moja. Inakupa jumla ya vumbi lote kutoka ardhini hadi juu kabisa. Haikuambii ni kiasi gani kiko pale chini kwa pua yako na ni kiasi gani kinaelea kilomita 30 juu. Ni kama kuambiwa jengo lina wapangaji 200 bila kuambiwa wanaishi orofa gani.

Vumbi lenyewe ni la aina gani?

Sahau vumbi la barabara ya murram. Punje ya kawaida inayoelea kwenye hewa ya Mars ina upana wa kama elfu tatu za milimita. Yaani ukichukua punje 300 hivi uzipange foleni, unapata milimita moja. Unywele wako ni mnene mara 20 na zaidi. Ni laini hivi kwamba ukiligusa ungehisi kama poda, na lina kutu ndani yake. Hiyo kutu ndiyo inafanya sayari ionekane nyekundu.

Hewa nayo ni karibu hakuna. Presha yake ni chini ya asilimia 1 ya ile ya Mombasa. Kama uliona filamu ya The Martian ya 2015, unakumbuka Matt Damon akipeperushwa na dhoruba hadi wenzake wakadhani amededi. Kwa ground vitu ni tofauti. Upepo mkali wa Mars hufika kama kilomita 100 kwa saa, lakini kwa sababu hewa ni nyepesi, ungeuhisi kama mtu anakupepea na gazeti. Andy Weir, aliyeandika kitabu kilichozaa filamu hiyo, amekubali mwenyewe kwamba hapo alidanganya ndiyo stori ianze.

Lakini usidharau. Upepo huo dhaifu unaweza kubeba punje laini hivyo hadi juu sana, na zikishapanda zinachukua muda mrefu kushuka. Zikishuka, zinalala juu ya paneli yako.

Ujanja ambao umejaribiwa

Bila mashine ya kuhesabu punje, wahandisi wamelazimika kuwa wajanja. Hizi hapa baadhi ya njia zao:

1. Kupima kivuli. Mwaka wa 1997 gari dogo la Sojourner lilitua Mars likiwa na jaribio la kipekee. Walichukua kipande kidogo cha sola, wakakifunika na kioo, halafu wakaweka waya maalum wa kukisogeza kioo pembeni. Kioo kikiwa juu, unasoma stima. Kioo kikisogea, unasoma tena. Tofauti inakuambia vumbi lililolala juu ya kioo limekula kiasi gani. Jibu lilikuwa asilimia 0.28 kwa kila siku. Inaonekana kidogo, lakini siku 100 bila kufutwa, robo hivi ya stima imeenda.

2. Kupima uzito. Sojourner hiyo hiyo ilibeba kijiwe chembamba cha kwatzi, jamaa wa kile kilicho ndani ya saa yako ya mkono. Kwatzi ukiipa stima inatetemeka kwa kasi ileile kila wakati. Vumbi likitua juu yake inakuwa nzito kidogo na kasi inapungua. Ni mizani ya kupima kitu ambacho hata mizani ya sonara haiwezi kuona.

3. Sumaku. Spirit na Opportunity zilibeba sumaku zilizotengenezwa Denmark. Moja ilikuwa ya mviringo, na iliwekwa ili ivute kila punje yenye sumaku kabla ifike katikati. Katikati pakabaki safi, na hapo ikajulikana kwamba karibu vumbi lote la angani huko linavutwa na sumaku. Waliotengeneza Curiosity wakachukua hiyo akili na kuzungushia sumaku vihisi vya kupima miale mikali ya jua, ili vumbi linaswe pembeni kabla lizibe kihisi chenyewe.

4. Leza. Phoenix, iliyotua karibu na ncha ya kaskazini Mei 2008, ilikuwa na leza kutoka Kanada. Inapiga mwanga juu, mwanga unagonga vumbi ama wingu, kiasi fulani kinarudi. Muda uliotumika kurudi unakuambia vumbi liko juu kiasi gani. Hapo angalau ukajua wapangaji wako orofa ya ngapi. Leza hiyo hiyo ndiyo iliona theluji ikianguka kutoka kwa mawingu ya Mars.

5. Masikio. Hii ndiyo kali. Unakumbuka kile kisulisuli cha vumbi tulichokuwa tunakikimbia tukiwa watoi, tukiambiwa ndani kuna majini? Tarehe 27 Septemba 2021 kimoja kilipita juu kabisa ya roboti ya Perseverance, upana mita 25 na urefu zaidi ya mita 100, na maiki ilikuwa imewashwa. Ikarekodi upepo, kisha kimya pale katikati, kisha upepo tena, na juu ya hiyo yote sauti ya punje zikigonga roboti kama mchanga kwa mabati. Kila mlio wa punje unaweza kuhesabiwa. Maiki haikupelekwa huko kwa kazi hiyo, lakini ilijipatia ajira.

Mashine ambayo kila mtu anaitaka

Sasa uliza: kwani hatuna mashine ya kuhesabu punje moja moja? Tunayo, na pengine umepita chini yake hapa Nairobi. Vile vidude vidogo vya kupima uchafu wa hewa, vinavyofungwa ukutani kwa shule ama kwa nguzo, vinafanya kazi hii: feni ndogo inavuta hewa ndani, hewa inapita mbele ya leza, kila punje ikikatiza inarusha mwanga pembeni, na jicho dogo linaona huo mmweko. Mmweko mkubwa, punje kubwa. Mmweko mdogo, punje ndogo. Hesabu mimweko, umepata idadi.

Umewahi kuona vumbi likicheza kwenye mwale wa jua unaopenya kwa tundu la mabati asubuhi? Hiyo ndiyo siri yote. Kila mtu amewahi kuiona akiwa kitandani.

Sasa jaribu kuipeleka Mars uone moto.

Kwanza, feni inavuta nini? Presha ya Nairobi ni zaidi ya mara 100 ya ile ya Mars. Feni ya hapa ikienda huko itazunguka bure kama matatu isiyo na abiria. Unahitaji pampu ya maana, lakini pampu ya maana ni nzito na inakula stima, na huko kila gramu na kila wati inapiganiwa na vyombo vingine.

Pili, punje hazikati kona. Hapa kwetu hewa ni nzito ya kutosha kuibeba punje popote inapoenda, hata kwa mrija uliopinda. Huko hewa haina nguvu ya kuikokota. Mrija ukiwa na kona, punje kubwa inaenda moja kwa moja na kugonga ukuta, ndogo inapita. Mwisho wa siku mashine inakuambia kuna punje ndogo pekee, kumbe kubwa zimebaki mlangoni. Kwa hivyo umbo la mdomo wa mrija linachorwa na kupigiwa hesabu kwa kompyuta tena na tena kabla mtu akate chuma.

Tatu, vumbi lina umeme. Punje zikisuguana kwenye hewa kavu zinajichaji, kama blanketi linavyotoa cheche usiku. Ikishachajika inang'ang'ania chochote: ukuta wa mrija, lenzi, leza. Lazima mkondo wa hewa upite katikati bila kugusa lenzi, la sivyo mashine ya kupima vumbi inapofushwa na vumbi. Na hakuna fundi wa kuipangusa.

Nne, mmweko si saizi. Punje yenye kutu na punje ya moshi wa dizeli zinaweza kulingana kwa ukubwa na bado zirushe mwanga tofauti. Hata hapa nyumbani, unyevu wa asubuhi hufanya punje zifure na vipimo vya bei rahisi vidanganye. Mashine ya Mars lazima ifunzwe kwanza na vumbi linalofanana na la huko. Hilo linapatikana wapi? Moja ya mavumbi yaliyotumika sana ni jivu la volkeno kutoka Hawaii. Unaliweka kwenye chumba kilichotolewa hewa, unajaza kabonidayoksaidi kidogo, unashusha baridi, kisha unapuliza. Denmark, kule Aarhus, wana mtambo mzima wa kutengeneza upepo wa Mars ndani ya tangi kwa majaribio kama haya.

Nuksi ya Waitaliano

Na hii kazi ina watu imewatesa. Waitaliano, chini ya shirika lao la anga, lile lile linaloendesha kituo cha Malindi kule Pwani, wamekuwa mstari wa mbele kutafuta vumbi la Mars. Kabla ya kwenda walikuja Afrika: walipeleka vyombo jangwani Morocco mwaka wa 2013 na 2014, wakapima dhoruba za Sahara na umeme uliomo ndani yake.

Baada ya hapo wakaweka chombo kiitwacho DREAMS ndani ya Schiaparelli, kifaa cha Ulaya cha kutua Mars. Kingepima jinsi vumbi linavyoziba jua, upepo, na kwa mara ya kwanza umeme wa hewa ya huko, katika msimu wa dhoruba. Tarehe 19 Oktoba 2016, Schiaparelli ikiwa inashuka, kompyuta yake ikachanganyikiwa na kudhani imeshafika ardhini. Bado ilikuwa juu karibu kilomita 3.7. Ikaachilia parachuti, ikazima roketi, ikaanguka kama jiwe.

Hawakukata tamaa. Wakaunda MicroMED, ndiyo hiyo mashine ya pampu na leza tumeiongelea, ya kuhesabu punje moja moja karibu na ardhi ya Mars. Ingekuwa ya kwanza kabisa. Ilikuwa ipande na jukwaa la Urusi mwaka wa 2022. Februari mwaka huo Urusi ikavamia Ukraine, Ulaya ikavunja ushirikiano, na safari ikafa miezi michache kabla ya kuruka. Mashine ilikuwa tayari. Ilikosa gari.

Ndiyo maana hadi leo tunajua vumbi la Mars kupitia vivuli, mimweko ya mbali na milio, lakini hakuna mashine ya kazi hiyo imewahi kulivuta ndani na kulihesabu.

Basi si wangeweka tu waipa?

Kila mtu anauliza hii, hata mimi niliuliza. Jibu la wahandisi ni kwamba brashi na waipa ni uzito, ni mota, ni kitu kingine cha kuharibika. Ni rahisi kuongeza ukubwa wa paneli na kuomba Mungu. Na wakati mwingine bahati ilikuja: kisulisuli kilipita juu ya Spirit mwaka wa 2005 kikaipangusa, na stima ikapanda ghafla.

InSight haikuwa na bahati hiyo, kwa hivyo Mei 2021 mafundi wake wakafanya kitu cha jua kali kabisa. Waliamuru mkono wa roboti uchote mchanga uumwage kando ya paneli. Upepo ukachukua punje kubwa za mchanga zikarukaruka juu ya paneli, zikaondoka na vumbi laini. Yaani walisafisha vumbi kwa kumwaga mchanga! Walipata wati-saa 30 zaidi kwa siku. Kidogo, lakini mgonjwa alipumua.

Hesabu kama hiyo ndiyo inakosekana. Ukijua ni punje ngapi zinatua kwa siku, za saizi gani, saa ngapi na kwa upepo upi, unaweza kusema paneli iwe kubwa kiasi gani na itaishi miaka mingapi. Bila hiyo unakisia.

Na siku watu wenyewe watapanda?

Hapo kukisia hakutoshi. Kifua chako kinaweza kunasa punje kubwa puani na kooni, lakini hizo za elfu tatu za milimita zinapita hadi ndani ya mapafu. Wanaanga wa Apollo walirudi ndani ya chombo na vumbi la Mwezi kwenye nguo, na mwaka wa 1972 Harrison Schmitt alijikuta anapiga chafya na kuziba pua kama mtu mwenye mzio. Mars kuna cha ziada: Phoenix iligundua kwenye udongo chumvi ziitwazo pakloreti, ambazo zikiingia mwilini zinasumbua tezi ya shingo. Nani ataamua kichujio cha mlango kiwe kizito kiasi gani, ama suti isafishwe mara ngapi, kama hakuna anayejua ni punje ngapi ziko kwenye hewa ya nje?

Upepo nao haungoji. Januari 2022 mawe madogo yaliyorushwa na upepo yaliharibu vihisi vya upepo vya Perseverance. Chombo kilichotumwa kupima upepo kikavunjwa na upepo.

Kwa hivyo siku ukiskia kwamba kidude fulani chenye pampu na leza kimetua Mars na kimehesabu punje yake ya kwanza, usipite hiyo habari ukitafuta udaku. Watu wamengoja miaka mingi.

Na wewe mwenye sola kwa paa, ni lini mara ya mwisho ulipanda kuifuta? Hapa tuna mvua, ngazi na kitambaa. Panda Jumamosi asubuhi kabla jua liwake, halafu uangalie taa zako usiku huo. InSight ilikufa ikikosa kitu kama hicho.